Namna ya Kujiajiri Bila Wewe Mwenyewe Kuarifiwa

Kijana wa jirani yetu alinigongea mlango jioni moja ya mwezi wa sita, ameshika bahasha ya kaki kwa ncha za vidole kama mtu aliyetoka kuchukua majibu ya vipimo. Anafanya kazi katika ofisi moja ya mjini, kuingiza takwimu kwenye kompyuta. Huingia saa mbili asubuhi, hutoka saa kumi na moja jioni, Jumamosi nusu siku. Ana meza, ana droo yenye ufunguo, ana kikombe cha chai chenye herufi za jina lake. Msimamizi akikohoa, yeye hugeuka. Na ndani ya ile bahasha mlikuwa na barua ya kumkumbusha kuwasilisha ritani ya mapato ya biashara.

"Mjomba," akaniuliza hata kabla hajakaa, "mimi biashara nimefungua lini?"

Tuliitafuta hiyo biashara pamoja. Tuliikuta kwenye mkataba wake, ukurasa wa kwanza, mahali ambapo yeye ameitwa "Mtoa Huduma" na ofisi imeitwa "Mteja". Alikuwa ameusaini mwaka mmoja na nusu nyuma akiamini ameajiriwa, na siku ile mama yake alipika pilau la kumpongeza, tukala sote. Mteja huyo ndiye anayempangia saa ya kunywa chai.

Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili yake na kwa kila aliyejiajiri bila kuarifiwa. Nimeuandika pia kwa waliojiajiri kweli na wanaotaka kujua kodi inawatazama kwa jicho gani. Kuna mahali utacheka, maana mambo yenyewe yanachekesha. Lakini shika kalamu.

Kwanza, maneno ya sheria

Sheria ya Kodi ya Mapato ya Tanzania, ya mwaka 2004, inayagawa mapato ya mtu mafungu matatu: ajira, biashara na uwekezaji. Hakuna fungu la nne liitwalo "najishikiza tu". Mama anayekaanga mihogo Tandale, mwanasheria mwenye chumba Posta, fundi bomba, mwandishi anayeuza makala moja moja, wote kwa macho ya kodi wamo kwenye biashara. Sheria inahesabu uchuuzi, utengenezaji wa bidhaa, taaluma, ufundi wa mtu, na hata shughuli ya mara moja yenye sura ya kibiashara, maadamu inafanywa kwa nia ya faida. Kisha inaongeza kijineno kimoja: ajira haimo.

Kijineno hicho kinageuza mpangilio mzima wa maswali. Usianze kujiuliza kama una biashara. Anza kujiuliza kama una ajira, maana ukiwa nayo, pesa ile haiwezi kuwa ya biashara hata mkataba uwe na mihuri kumi. Na ajira yenyewe sheria imeieleza kwa upana. Ni mtu kuwa katika utumishi wa mwingine. Ni umeneja wa taasisi. Ni ofisi ya umma. Na ni nafasi yoyote inayompa mtu haki ya kulipwa kwa vipindi kwa huduma anazotoa. Kipande hicho cha mwisho kisome tena huku ukikumbuka tarehe unayosubiri kila mwezi.

Upande wa sheria za kazi kuna msaada mkubwa zaidi, na inaniuma kuona ni watu wachache tu wanaoufahamu. Sheria ya Taasisi za Kazi, nayo ya mwaka 2004, kifungu cha 61, inataja dalili saba. Inasema ikionekana hata moja, mtu atachukuliwa kuwa ni mwajiriwa mpaka ithibitishwe vinginevyo. Kifungu hicho ni cha sheria za kazi. Afisa wa kodi ana tafsiri yake na hafungwi na kifungu hicho. Lakini dalili zenyewe zimetoka kwenye maisha ya kazi ya kila siku, na mtu aliye gizani hachagui taa. Nimezigeuza kuwa majaribio, nikaongeza mengine mawili ambayo majaji wa nchi nyingi wamekuwa wakiyatazama tangu zamani. Unaweza kuyafanya ukiwa kwenye foleni ya mwendokasi.

Jaribio la msiba

Shangazi yako amefariki Korogwe. Unapiga simu kazini. Unasemaje?

Ukisema "Naomba ruhusa", umeajiriwa. Ukisema "Nimefiwa, kabati lako litakuwa tayari Jumatano", umejiajiri.

Sijapata jaribio zuri kuliko hili, na nimelitumia kwa watu wengi. Seremala aliyejiajiri ana wateja wanaomgombeza, wanaompigia simu usiku, wanaoapa mbele ya mashahidi kwamba hawatarudi tena. Lakini hakuna hata mmoja mwenye uwezo wa kumzuia asizike. Mteja anaamua anataka kabati la namna gani, la mninga au la mbao laini, lenye vioo au lisilo navyo. Haamui seremala aamke saa ngapi, ashike randa kwa mkono upi, wala mchana ale kwa mama ntilie yupi. Dalili mbili za kwanza za kifungu cha 61 ziko hapa: namna ya kufanya kazi kuwa chini ya maelekezo ya mtu mwingine, na saa za kazi kuwa chini yake pia.

Kijana wetu huweka alama ya kidole asubuhi na jioni. Nikamuuliza kama amewahi kumwona muuza nyanya akiweka alama ya kidole kwa mteja. Akacheka, kisha akanyamaza muda mrefu.

Jaribio la kikombe

Vifaa vya kazi ni vya nani? Kompyuta, meza, mashine, sare, gari, mafuta ya gari. Mtu anayepewa vyote na anayemlipa ana dalili nyingine ya ajira. Fundi rangi aliyejiajiri anafika na brashi zake, ngazi yake, na ndoo yake iliyopasuka mpini. Anajua bei ya kila kimoja kwa sababu kila kimoja kilimtoka mfukoni.

Kikombe peke yake hakitoshi, lazima niseme hivyo. Yuko mwajiriwa anayetumia simu yake na bando lake, na yuko fundi aliyejiajiri anayeazima jenereta ya mwenye nyumba. Lakini jina lako kuandikwa kwenye kikombe cha ofisi ni dalili ya kuwa sehemu ya taasisi ile, na hiyo ni dalili nyingine kabisa katika orodha: kwamba wewe ni kiungo cha nyumba, umo kwenye ratiba, umo kwenye mchango wa harusi ya mhasibu, umo kwenye picha ya mwisho wa mwaka.

Jaribio la mdogo wako

Umeamka na homa. Unaweza kumtuma mdogo wako, anayeijua kazi kama wewe, akaifanye na pesa ukachukua wewe? Fundi bomba anaweza. Mteja anachotaka ni bomba liache kuvuja, na vidole vilivyolifunga havimhusu. Sasa jaribu kumtuma mdogo wako ofisini akakae kwenye kiti chako. Mlinzi atamrudisha getini. Hapo inajulikana kwamba kilichonunuliwa ni wewe mwenyewe, muda wako na mwili wako, na hiyo ni ajira.

Jaribio la pasi

Kwenye baraza moja nilikaa mchana mzima nikisubiri suruali. Mafundi cherehani walikuwa wawili, mashine mbili, mwenye duka mmoja. Mmoja wao akaacha pasi juu ya kitenge cha mteja, kikaungua tundu la ukubwa wa sahani ya kahawa. Mwenye kitenge alipokuja ulizuka ugomvi wa kufundishia chuoni. Aliyekiunguza, tumwite fundi wa kwanza, alikuwa amepanga nafasi tu: analipa kodi ya baraza kila mwezi, ana wateja wake, mashine ni yake. Kitenge alikilipa yeye. Angekuwa yule wa pili, anayelipwa na mwenye duka kila Jumamosi, mwenye duka ndiye angesimama mbele ya mteja.

Wawili hao walikaa kwenye benchi moja, wakitumia uzi wa rangi moja, na mtu anayepita barabarani angewaita wote mafundi waliojiajiri. Kodi haipiti barabarani. Inauliza nani anameza hasara na nani anakula faida ikizidi. Wa kwanza akishona suti kumi kwa wiki, kumi zote ni zake. Wa pili akishona kumi, Jumamosi inabaki ile ile.

Mengine machache

Una mteja wa pili? Dalili mojawapo ni kumfanyia kazi mtu mmoja tu. Nyingine ni kumtegemea mtu huyo kiuchumi, yaani akifunga yeye, kwako jiko halitawaka. Na ya saba ni ya hesabu: kumfanyia kazi wastani wa saa 45 au zaidi kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita. Zisome vizuri hizo saa. Ni kwa mwezi. Anayeingia saa mbili na kutoka saa kumi na moja anazimaliza kabla ya wiki ya pili kufika mwisho.

Penye ukungu

Nisingependa uondoke ukidhani mambo yote yamenyooka kama hivyo. Yako magumu.

Chukua saluni. Msusi anayelipia kiti kiasi maalumu kwa wiki, anayepanga bei zake na kuondoka akitaka, amejiajiri. Mwenye saluni kwake ni mwenye nyumba. Msusi anayegawana asilimia na mwenye saluni ni fumbo. Kugawana asilimia kunafanana na ubia. Lakini ukikuta bei zimeandikwa ukutani na mwenye saluni, wateja anawapanga yeye, na asiyefika saa tatu anakatwa, basi asilimia ile ni mshahara uliosukwa nywele.

Halafu kuna daladala, na hapa nimebishana na watu wazima mpaka chai ikapoa. Dereva anachukua gari alfajiri, jioni anapeleka hesabu, kiasi maalumu cha siku, kwa tajiri mwenye gari, kinachobaki anagawana na konda. Mafuta anajaza mwenyewe. Siku bonde la Jangwani limefurika na barabara imefungwa, hasara ni yake, na hesabu inadaiwa vile vile. Ukitumia jaribio la pasi, huyu ni mfanyabiashara. Ukitumia jaribio la kikombe, gari ni la tajiri, leseni ya njia inayotolewa na LATRA, mamlaka ya usafiri wa ardhini, ni ya tajiri, na ufunguo tajiri anaweza kuudai jioni yoyote bila kueleza sababu. Rafiki yangu mmoja anashikilia kwamba anayemeza hasara ni mfanyabiashara na mjadala umefungwa. Mimi naona hivi: mtu aliyebebeshwa hasara bila kupewa uamuzi hajajiajiri. Amekabidhiwa hofu ya mfanyabiashara na utii wa mwajiriwa. Deiwaka naye, anayeshika usukani kwa saa chache dereva mwenyewe akipumzika, yuko chini yake ngazi moja zaidi. Bodaboda wa mkataba, anayelipa kila siku mpaka pikipiki iwe yake, angalau anaweza kuuona mwisho wa safari. Siku karatasi za pikipiki zinapobadilishwa jina, nusu ya majaribio yangu yanageuka jibu.

Penye ukungu wa namna hii usitegemee neno moja kwenye karatasi. Tazama maisha yote ya kazi kwa pamoja, kama daktari anayepima mgonjwa mzima na si ulimi tu.

Sasa tuingie kwenye pesa

Watu wengi wanaopewa mkataba wa "mtoa huduma" huufurahia, na mimi naelewa sababu. Makato ni machache na pesa inayoshikwa mkononi ni nyingi. Tulichukua kalamu, mimi na kijana, tukapiga hesabu ya malipo yake ya shilingi 800,000 kwa mwezi, kwa viwango vya kodi ya mtu binafsi vilivyoanza Julai 2021.

Angekuwa mwajiriwa kwa karatasi kama alivyo kwa vitendo, mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF, ungemkata asilimia 10, yaani 80,000, na mwajiri angeongeza 80,000 nyingine. Kinachobaki cha kutozwa kodi ni 720,000. PAYE yake, kodi inayokatwa kwenye mshahara, ni 60,000. Mkononi angepata 660,000.

Kwa mkataba alionao, "Mteja" anamkata kodi ya zuio ya asilimia 5 ya malipo ya huduma, yaani 40,000, anampa 760,000. Laki moja zaidi kila mwezi! Ndiyo iliyopika lile pilau.

Lakini ile asilimia 5 si mwisho wa safari. Ni sehemu ya kodi iliyolipwa mapema, na mwisho wa mwaka hesabu kamili inafanywa. Malipo yake ya mwaka ni 9,600,000. Iko nafuu ya wafanyabiashara wadogo ambao mauzo yao hayazidi milioni 100 kwa mwaka, wanaotozwa kwa viwango vya mauzo, lakini huduma za kitaalamu, za kiufundi na za usimamizi haziingii humo. Akihesabiwa kwenye huduma hizo, na akiwa hana gharama yoyote ya biashara, kwa kuwa hata kalamu ni ya ofisi, kodi yake ya mwaka ni 936,000. Zuio limeshachukua 480,000. Anadaiwa 456,000, na deni hilo linamkuta mwezi wa sita akiwa hana akiba, kwa sababu hakuna aliyemwambia aweke.

Mwajiriwa mwenzake, kwa PAYE, amelipa 720,000 kwa mwaka na amemaliza. Kijana wetu, kwa kazi ile ile, analipa kodi kubwa zaidi. Mwenzake amejenga NSSF ya 1,920,000 kwa mwaka. Yeye hana hata senti. Tulipojumlisha kila kitu, pensheni na pesa ya mkononi, tofauti ilikuwa 1,176,000 kwa mwaka dhidi yake. Aliirudia hesabu mara mbili kwa simu yake, kisha akaiweka simu kifudifudi mezani.

Na hesabu hiyo haijagusa yale ambayo hayana bei mpaka siku yanapohitajika. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inampa mwajiriwa likizo ya siku 28 kwa mwaka. Mama mwajiriwa ana siku 84 za uzazi, 100 akijifungua pacha. Ukianguka ngazini ukiwa mwajiriwa, kuna Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ambao mwajiri anauchangia. "Mtoa huduma" akianguka, ameanguka na biashara yake.

Kwa upande wa pili wa meza, "Mteja" ameokoa mchango wake wa NSSF, mchango wa fidia, na kama ana wafanyakazi 10 au zaidi, tozo ya ufundi stadi juu ya malipo ya mtu huyo. Wapo wanaofanya hivyo kwa kutojua, hasa wenye ofisi ndogo walionakili mkataba wa mtu mwingine. Wapo wanaofanya wakijua. Hao wa pili nawaambia waziwazi: mnawapa vijana wa watu deni na kuliita uhuru. Na sheria ya kodi inamtaka mwajiri ndiye akate PAYE na kuipeleka. Asipokata, anayeulizwa kwanza ni yeye.

Neno kuhusu sifa ya kujiajiri

Vijana wanasikia "jiajirini" kila wanapowasha redio. Wazee wao wanakumbuka wakati ambapo neno hilo lilikuwa na harufu nyingine. Mwaka 1983 ilipitishwa sheria ambayo wananchi waliiita Nguvu Kazi, na mtu wa Dar es Salaam asiyeweza kuonyesha kazi inayotambulika aliweza kukamatwa na kupelekwa shamba. Muuza kahawa na mshona viatu waliishi na wasiwasi wa kuombwa uthibitisho kwamba kazi yao ni kazi. Miaka 35 baadaye, Desemba 2018, serikali ikaanza kuwagawia machinga vitambulisho kwa shilingi 20,000, kwa wale ambao mauzo yao hayazidi milioni 4 kwa mwaka. Mtu yule yule, beseni lile lile, sasa ni mjasiriamali.

Ninaona safari hiyo ni ya heshima, na ninaisimulia kwa sababu moja. Aliyejiajiri kweli alihangaika muda mrefu mpaka atambuliwe. Jina lake lisitumike kumficha mtu mwingine ambaye ana bosi.

Kama umejiajiri kweli

Basi karibu, na mambo yako si mazito kama uvumi unavyosema. Chukua TIN, namba ya mlipakodi, ni bure. Kama mauzo yako hayafiki milioni 4 kwa mwaka, hutozwi kodi ya mapato. Kati ya milioni 4 na 7, viwango vilivyowekwa mwaka 2019 vinamtaka asiye na kumbukumbu alipe 100,000, na mwenye kumbukumbu alipe asilimia 3 ya kile kinachozidi milioni 4. Mama ntilie mwenye mauzo ya milioni 5 akitunza daftari analipa 30,000, asipolitunza, 100,000. Daftari la shilingi 1,000 limemwokolea 70,000, na nimewahi kuliona daftari hilo likiwa na madoa ya mchuzi, likapokelewa.

Viwango hivyo ni vya mtu ambaye kipato chake chote kinatoka kwenye biashara. Mwalimu mwenye duka, au nesi anayeuza vitenge, ana mafungu mawili: mshahara umeshakatwa kodi, na duka linataka ritani yake. Hakuna kosa kuwa na vyote viwili. Kosa ni kudhani PAYE imelilipia na duka.

Makadirio ya mwaka fanya kabla ya tarehe 31 Machi kama mwaka wako wa hesabu ni wa kalenda, kisha lipa kwa awamu nne: mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Kila anayekukata kodi ya zuio mdai hati yake siku hiyo hiyo, maana bila hati ile pesa yako imelipwa lakini huwezi kuionyesha. Na gharama unazoruhusiwa kutoa ni zile tu zilizotumika kuzalisha kipato. Uzi wa fundi unaruhusiwa. Umeme wa mashine unaruhusiwa. Mchango wa kitchen party ya binti wa mteja wako mkubwa ni gharama ya kuishi na watu. Uutoe, lakini si kwenye kitabu cha kodi.

Kama umejikuta umeajiriwa

Usianze kwa ugomvi. Andika. Weka pamoja mkataba, ujumbe wa simu unaokuamrisha, ratiba yenye jina lako, barua ya onyo kama umewahi kuipata, maana ni nani anayempa mfanyabiashara mwenzake barua ya onyo? Nenda NSSF uulize kama kuna mchango wowote kwa jina lako. Mwombe mwajiri kwa maandishi abadilishe mkataba. Asipotaka, iko Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, na muda wake ni mfupi: siku 30 kwa aliyeachishwa kazi, siku 60 kwa migogoro mingine, zikihesabiwa tangu mgogoro ulipozuka. Watu wengi wenye haki wamezipitisha siku hizo wakiwa kwenye vikao vya ukoo wakiulizana iwapo kulalamika kutakuwa ni utovu wa adabu.

Kijana wetu aliandika barua yake. Akajibiwa kwa mdomo kwamba suala "linaangaliwa". Ritani aliiwasilisha ndani ya muda, kwa ushauri wangu, akaeleza hali yake ilivyo, na lile deni analilipa kidogo kidogo.

Wiki mbili zilizopita babu yake alifariki Lushoto. Alinipigia akiwa stendi ya Magufuli, mizigo imeshapakiwa, sauti imekauka kwa kulia. Nikampa pole. Akasema aliomba ruhusa kwa msimamizi kwa ujumbe wa simu, akapewa siku mbili, akaambiwa Alhamisi asubuhi awe mezani bila kukosa. Kisha akauliza kama ule ujumbe auhifadhi tu kwenye simu, au auchapishe auweke kwenye ile bahasha ya kaki.

"Uchapishe, mwanangu," nikamwambia. "Nakala mbili."